Ndege haizeeki kwa miaka tu

Ikitokea ajali ya ndege, swali la kwanza mtaani huwa hili: ilikuwa na miaka mingapi? Hata sisi waandishi tunalikimbilia. Lakini ni nusu ya swali, na historia inaonyesha kwa nini.

Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya Uingereza aina ya de Havilland Comet, yenye namba G-ALYP, iliondoka London kwenda Johannesburg. Ilikuwa safari ya kwanza duniani ya jeti kubeba abiria wa kulipa nauli, na njiani ilitua Entebbe, hapo kwa jirani zetu Waganda. Tarehe 10 Januari 1954, ndege hiyo hiyo ilipasukia angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Watu wote 35 walikufa. Tangu ile safari ya Entebbe, hata miaka miwili ilikuwa haijatimia. Aprili 8 Comet nyingine ikaanguka karibu na Naples, wakafa 21.

Wataalamu wa Farnborough, Uingereza, wakachukua Comet nzima, wakaitia kwenye tangi la maji, wakawa wanaijaza na kuipunguza presha ndani kana kwamba inaruka na kutua. Ilipofikisha jumla ya safari 3,057, ukijumlisha na zile za kweli ilizokwisha kuruka, bodi ikapasuka.

Sababu ni uchovu wa metali. Ndege ikipaa, hewa ya ndani huisukuma bodi ikatuna kidogo; ikishuka, bodi hunywea. Chukua waya, ukunje na kuukunjua mara nyingi: utakatika bila nguvu kubwa. Kwenye ndege, ufa huanzia penye tundu, pembe ya dirisha au ribiti, tena ukiwa mdogo sana.

Somo hilo halikuzuia yaliyotokea Hawaii tarehe 28 Aprili 1988. Boeing 737 ya Aloha Airlines iling'oka kipande kikubwa cha paa ikiwa futi 24,000. Mhudumu mmoja alitupwa nje, akafa. Wengine 94 walifika chini hai. Ndege ilikuwa na miaka 19, lakini kwa vile ilikuwa ya safari fupi fupi za visiwani, ilikuwa imeruka mara 89,680! Uchunguzi ulisema ukaguzi wa shirika haukugundua uharibifu uliokuwepo.

Kilichoniuma zaidi ni hiki: abiria mmoja aliona ufa karibu na mlango wakati anapanda. Hakumwambia mtu.

Leo mafundi wanapima nyufa kwa umeme na mawimbi ya sauti, na vipo vihisio vinavyobandikwa kwenye bodi. Lakini chombo kikitoa taarifa, lazima awepo mtu wa kuifanyia kazi. Basi tunapoandika habari za ndege, tuulize pia: imeruka mara ngapi, na ilikaguliwa lini? Na wewe abiria ukiona ufa, usione aibu. Sema.