Kosa: Neno la Shabaha, la Sheria na la Sarufi

Miongoni mwa maneno ambayo Waswahili huyatumia kutaja mapungufu ya binadamu, kosa ndilo lenye matumizi mapana zaidi, na upana huo hauelezeki mpaka nomino hiyo irejeshwe kwenye kitenzi chake, kukosa, ambacho maana yake ya msingi ni kutofikia au kutopata kile kilichokusudiwa. Mwindaji ambaye mkuki wake umepita kando amemkosa mnyama, msafiri aliyefika bandarini jahazi likiwa limekwisha ng'oa nanga amekosa chombo, na mgonjwa anayekesha kitandani amekosa usingizi, ingawa hakuna hata mmoja kati yao anayestahili lawama. Methali zimeihifadhi maana hiyo kwa uaminifu: asemaye kwamba mtaka yote hukosa yote anataja hasara, na asemaye kwamba akosaye la mama hata la mbwa huamwa anataja ufukara wa yule asiye na la kuchagua.

Lawama huingia pale kitenzi hicho kinapochukua kauli ya kutendea, yaani umbo linaloonyesha kwamba tendo limemfikia mtu mwingine. Kumkosea mtu ni kumtendea lisilostahili, na kumkosea adabu ni kumvunjia heshima aliyo nayo kwa umri, kwa cheo au kwa ujamaa, hivyo kosa la namna hii halikamiliki bila aliyekosewa, na mwenye mamlaka ya kulifuta ni huyo huyo. Wawili wakikosana huwa wamefarakana, na watu wazima huitwa kuwapatanisha. Kutokana na shina hilo hilo kuna pia kitenzi kukosoa, ambacho umbo lake linafuata kauli ya kutendua, ile inayogeuza choma kuwa chomoa: kama achomoaye mwiba anavyoutoa mwilini, ndivyo akosoaye anavyolitoa kosa mahali lilipo. Kwa mujibu wa umbo hilo, kazi ya mkosoaji ni kuondoa, na desturi ya kumwona kuwa mtu wa kuaibisha wenzake inamnyima haki yake.

Karne nyingi za Uislamu katika pwani zililiongezea neno hili majirani wenye asili ya Kiarabu, hasa dhambi, ambayo ni uasi mbele ya Mungu, na hatia, ambayo ni hali ya mtu kubeba dhima ya tendo lake. Mipaka baina ya maneno haya haikuwa migumu, na watafsiri Wakristo waliokuja baadaye walilazimika kuchagua: katika sala kuu ya Kikristo, Wakatoliki wa Kiswahili huomba kusamehewa makosa, ilhali Biblia ya mwaka 1952, iliyotumiwa na madhehebu mengi ya Kiprotestanti, imetumia neno deni katika Injili ya Mathayo.

Utawala wa Waingereza ulilipa neno hili uzito mwingine. Mwaka 1930 Kenya na Tanganyika zilipata kila moja Kanuni ya Adhabu yake, badala ya ile ya India ya mwaka 1860 iliyokuwa ikitumika kabla, na chini ya sheria hizo kosa la jinai lilikuwa tendo lililokwisha kuandikwa na kupangiwa adhabu, ambalo aliyetendewa hawezi kulifuta kwa msamaha wake tu, kwa kuwa mlalamikaji ni dola. Lugha ya mahakama ilitenganisha barabara maneno mawili ambayo mitaani huchanganywa: kosa ni tendo analoshitakiwa nalo mtu, na hatia ni uamuzi unaotolewa baada ya ushahidi kusikilizwa, ndiyo maana mshitakiwa husomewa kosa kwanza na kukutwa na hatia, au kutokutwa nayo, mwishoni.

Mwaka huo huo wa 1930, tarehe 1 Januari, ilianza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ikiziunganisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, na hapo ndipo kosa lilipopata maana iliyowaumiza wengi bila sababu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umekichagua Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar, iwe msingi wa Kiswahili sanifu, dhidi ya hoja za wamisionari wa Mombasa waliotetea Kimvita, lahaja ya mji huo. Kamati, ambayo katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, ilisoma miswada ya vitabu vya shule na kuvipa ithibati vile vilivyofuata kanuni zake, na haikuwa na wajumbe Waafrika mpaka mwaka 1946. Kamusi iliyotayarishwa chini ya Johnson ilitoka mwaka 1939, miaka miwili baada ya kifo chake.

Usanifishaji wenyewe ulihitajika, kwa kuwa shule za nchi nne zisingeweza kushirikiana vitabu bila tahajia moja. Dhuluma ilikuwa katika hatua iliyofuata, pale ambapo lisilo sanifu lilihesabiwa kuwa kosa, na mtoto wa Mombasa aliyeandika ndia badala ya njia, au ndoo badala ya njoo, akatiwa alama nyekundu kwa lugha aliyoitumia kutungia mashairi yake Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840. Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala, katika Historia ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1977, walizirudishia lahaja hadhi yake kama chemchemi ya lugha, na hoja yao bado haijajibiwa.

Mtoto huyo hakumkosea mtu, wala hakukosa shabaha, kwa kuwa aliyekusudiwa kumwelewa alimwelewa. Walimu wa leo hawana budi kumfundisha kwamba mtihani unadai njia, na kumwandikia pembeni kwamba ndia ni ya Kimvita. Alama ya kosa waibakize kwa sentensi iliyovunja upatanisho wa kisarufi, ambayo hata nyumbani kwao isingesemwa.