Ahadi ni Deni: Jinsi Mawakala wa Bima ya Maisha Walivyojenga Vyama Vyao



Katika somo letu la leo tutafuata historia ya kazi ambayo wengi huiona mitaani bila kuifikiria: kazi ya wakala wa bima ya maisha. Swali letu ni moja. Kwa nini watu wanaoshindana kutafuta wateja walifikia hatua ya kuketi pamoja, kuandika kanuni na kuwaadhibu wenzao wanaozivunja? Swali hili linamhusu mwanafunzi wa Gitega na wa Muyinga kama linavyomhusu mkazi wa Boston au Nairobi, kwa kuwa kiini chake ni jambo ambalo kila jamii inalijua, nalo ni ahadi.

Tuanze na maneno yenyewe. Neno *bima* lilifika katika Kiswahili kutoka lugha za India, kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Neno *wakala*, ambalo wingi wake ni *mawakala*, lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwingine ili alisimamie kwa niaba yake. Liweke kando ya neno *amana*, yaani kitu ulichowekewa ukitunze, na utaona kwamba lugha imekwisha kutueleza nusu ya habari. Wakala ni mtu wa kuaminiwa kabla hajawa mtu wa kuuza.

Ahadi isiyofanana na nyingine

Ukinunua gunia la maharage katika soko la Muyinga, unaweza kulifungua, kulipima na kurudi kesho yake kulalamika. Bima ya maisha haipimwi hivyo. Mteja hulipa ada kila mwezi au kila mwaka, pengine kwa miaka ishirini. Akifariki kabla ya muda kwisha, kampuni huwalipa wale aliowataja katika hati yake. Basi aliyelipa hatakuwapo kuona kama ahadi imetimizwa. Atakayekwenda kudai ni mjane au yatima, ambaye huenda hakuwahi kuisoma hati hiyo, na pengine hakujua kwamba ipo.

Tena, tazama jinsi wakala anavyolipwa. Kwa desturi ya biashara hii, hupata kamisheni, na kamisheni ya mwaka wa kwanza ndiyo kubwa kuliko za miaka inayofuata. Mpango huo humtia moyo kutafuta wateja wapya, lakini pia humjaribu. Anaweza kumshawishi mteja auvunje mkataba wa zamani na kuanza mpya, si kwa faida ya mteja bali kwa kamisheni. Anaweza kuahidi yasiyoandikwa. Wahenga walisema: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Wakala mmoja akidanganya katika mtaa, mwenzake mwaminifu atafungiwa milango yote.

Kutoka mnada wa London hadi mkutano wa Boston

Mwaka 1844 Mmarekani mmoja, Elizur Wright, aliitembelea London. Alikuwa mwalimu wa hisabati na mpinzani mkubwa wa utumwa. Huko alishuhudia hati za bima za wazee zikipigwa mnada. Wazee hao walikuwa wamelipa ada kwa miaka mingi, wakashindwa kuendelea, na kampuni hazikuwarudishia kitu. Kwa hiyo waliziuza hati zao kwa watu ambao wangenufaika na vifo vyao. Mtu aliyekuwa akipigana na minada ya binadamu hakuweza kuusahau mnada huo. Aliporudi nyumbani alipigania sheria, na mwaka 1861 jimbo la Massachusetts likapitisha sheria ya kumlinda mteja aliyeshindwa kuendelea kulipa, ili asipoteze kila alichokuwa amekiweka.

Sheria hiyo iliifunga kampuni. Aliyebaki huru ni wakala aliyekwenda nyumba kwa nyumba. Kosa lililoenea zaidi miongoni mwa mawakala lilikuwa hili: wakala alimrudishia mteja kwa siri sehemu ya kamisheni yake ili amnyakue kutoka kwa mshindani. Kwa haraka huo huonekana ni ukarimu. Ukitazama vizuri, utaona kwamba majirani wawili walilipa bei tofauti kwa ahadi ileile, kwamba wakala aliyekataa kufanya hivyo alikosa riziki, na kwamba mteja alinunua kwa sababu ya punguzo na si kwa sababu ya haja, kisha akaacha kulipa mapema.

Mawakala wenyewe ndio waliochoka kwanza. Mwaka 1883 wale wa Boston waliunda chama chao. Mwaka 1890 wajumbe wa vyama vya miji mbalimbali walikutana mjini humo na kuanzisha chama cha taifa. Kupiga vita kurudisha kamisheni kulikuwa miongoni mwa kazi zake za mwanzo. Hata hivyo maazimio ya mkutano hayakutosha. Mwaka 1905 uchunguzi wa umma mjini New York, ambao mahojiano yake yaliongozwa na wakili Charles Evans Hughes, ulifichua jinsi kampuni kubwa zilivyokuwa zikitumia fedha za wateja kwa anasa na siasa. Mwaka uliofuata sheria kali zilitungwa. Hapo chama kikajifunza kwamba kanuni za ndani na sheria ya nchi ni kama miguu miwili: kwa mmoja tu mtu hafiki mbali.

Hatua iliyofuata ilikuwa elimu. Mwaka 1927, Profesa Solomon Huebner wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alishirikiana na viongozi wa mawakala kuanzisha chuo cha kuwafundisha na kuwatahini. Aliamini kwamba wakala anapaswa kusoma kama daktari au mwanasheria anavyosoma. Mwaka huohuo, mjini Memphis, mawakala 32 waliunda umoja mwingine, Million Dollar Round Table, ambao uanachama wake ulitegemea kiasi cha bima ambacho mtu ameuza. Angalia tofauti hiyo kwa makini, msomaji. Chombo kimoja kilipima ujuzi. Kingine kilipima mauzo. Mvutano kati ya vipimo hivyo viwili haujaisha hadi leo.

Njia ya Afrika Mashariki

Katika eneo letu, historia ilipita njia yake. Kampuni ya Jubilee ilianzishwa Mombasa mwaka 1937, na baadaye ilivuka mipaka hadi Uganda, Tanzania na Burundi. Nchini Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya bima iliwekwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Mahali ambapo kampuni ni moja, mawakala hawana sababu kubwa ya kugombania wateja. Kampuni zinapokuwa nyingi, haja ya kanuni za pamoja huja mara moja.

Kenya ilitunga Sheria ya Bima mwaka 1984, nayo ikaanza kutumika mwaka 1987. Mwaka huohuo kampuni ziliunda umoja wao. Mawakala na madalali nao wana vyama vyao. Anayetaka kuwa wakala hutakiwa kufanya mafunzo, kufaulu mtihani wa cheti cha umahiri na kusajiliwa na mamlaka ya usimamizi. Lakini mwaka 1996 nchi hiyo ilionja uchungu wa ahadi iliyovunjika, pale kampuni ya bima ya serikali, Kenya National Assurance, ilipowekwa chini ya mfilisi. Katika msiba wa namna hiyo mteja hamfahamu mkurugenzi. Anamfahamu jirani aliyemuuzia. Ndiyo maana wakala ana haki na wajibu wa kuuliza, kupitia chama chake, kama kampuni anayoiuzia ina uwezo wa kulipa.

Burundi: umbali na uaminifu

Sasa tufike nyumbani. SOCABU ilianzishwa mwaka 1977, miaka 15 baada ya uhuru, na kampuni nyingine zikafuata, kama vile UCAR, SOGEAR na BICOR. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwaka 2014 ilipata Kanuni ya Bima iliyotaka biashara ya bima ya maisha itenganishwe na bima nyingine, ili akiba ya muda mrefu isitumiwe kulipia magari yaliyogongana. Usimamizi wa sekta hii uko mikononi mwa ARCA.

Gitega ni mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019, lakini Bujumbura imebaki kuwa mji wa biashara. Muyinga iko kaskazini mashariki, katika njia ya kwenda mpaka wa Kobero na Tanzania. Kwa mkulima wa kahawa wa huko au mfanyabiashara wa mpakani, kampuni ya bima haina uso mwingine ila uso wa wakala. Umbali huo ndio unaoifanya tabia ya mtu mmoja kuwa na uzito mkubwa hivyo.

Je, wazo la watu kulinda heshima ya kazi yao kwa pamoja ni geni kwa Warundi? Hasha. Zamani, kabla ya Boston kuwa na chama chochote, milima ya Burundi ilikuwa na *abashingantahe*, wazee wenye hekima waliopatanisha wagombanao na kushuhudia mapatano. Mtu hakujitangaza kuwa *umushingantahe*. Alitazamwa kwa muda mrefu, akafundishwa, kisha akasimikwa mbele ya watu wote kwa kiapo. Aliyeivunja heshima hiyo aliweza kuipoteza. Hapa unayaona mambo manne ya chama cha wataalamu: mafunzo, mlango unaolindwa, kiapo cha hadharani na adhabu.

Historia yao inatufundisha pia hatari. Utawala wa kikoloni, na baadaye utawala wa chama kimoja, uliingilia uteuzi wao, na wengine wakapewa cheo kwa amri kutoka juu badala ya kukubaliwa na majirani. Imani ya watu ikapungua. Mkataba wa Amani wa Arusha wa Agosti 2000 ulikumbuka umuhimu wa taasisi hiyo na kutaka irejeshewe hadhi. Cheo kinachotolewa bila mlango kulindwa hubaki jina tupu, liwe la mzee wa mlimani au la wakala wa bima.

Wajibu wetu

Katiba ya Burundi ya mwaka 2018 inatambua uhuru wa kuunda vyama. Lakini chama si kizuri kwa kuwa kipo. Kinaweza kuwa ngao ya mteja, na kinaweza kuwa ngao ya wakala dhidi ya mteja. Ukitaka kukijua, usiulize kina wanachama wangapi. Uliza ni lini kilimwadhibu mwanachama wake, na kama mjane wa kijijini anaweza kukifikishia malalamiko kwa lugha anayoielewa.

Nawe, msomaji, una sehemu yako. Mwombe wakala akuoneshe kibali chake. Dai stakabadhi kwa kila malipo. Uliza utarudishiwa kiasi gani ukishindwa kuendelea. Zaidi ya yote, waambie uliowataja katika hati kwamba wametajwa, na hati imewekwa wapi. Ahadi ni deni, nalo deni hulipwa pale mwenye kulidai anapojua kwamba analidai.

Maswali ya kutafakari

1. Eleza tofauti kati ya *wakala*, *dalali* na *mdhamini*. Tunga sentensi moja kwa kila neno.
2. Kwa nini kumrudishia mteja sehemu ya kamisheni kulihesabiwa kuwa kosa? Je, unakubali?
3. Waulize wazee wa nyumbani kwenu jinsi umushingantahe alivyosimikwa, kisha andika aya moja ukilinganisha kiapo chake na kiapo cha kazi yoyote ya siku hizi.