Barabara ya Watu Wengi, Gari la Mtu Mmoja

Kwa msafiri anayetoka Katesh au Haydom, Dar es Salaam huanzia Mbezi Louis, kwenye Stendi ya Magufuli iliyofunguliwa mwaka 2021. Akisogea hadi Kimara anaikuta Barabara ya Morogoro imegawanywa. Pembeni ni foleni, katikati ni njia pana isiyo na kitu mpaka basi la mwendokasi lipite. Wenye magari madogo huitazama njia ile kwa uchu. Wapo wanaojaribu kuchomekea humo, na trafiki wanawajua.

Sasa chukua mtu mwenye gari la umeme, lisilotoa moshi hata chembe, naye yumo peke yake. Apewe ruhusa ya kupita katikati? Marekani swali hilo waliliuliza na wakajibu ndiyo. Katika jimbo la California jibu hilo lilidumu robo karne, kisha likakoma.

Wenzetu hao hawakuanza na moshi. Walianza na vichwa. Mwaka 1969, kwenye barabara kuu ya Shirley inayoingia Washington kutoka Virginia, mabasi yalitengewa njia yao. Desemba 1973, nchi za Kiarabu zilipokuwa zimezuia mafuta na vituo vina foleni, magari madogo yenye watu wanne au zaidi nayo yakaruhusiwa humo. Hoja ilikuwa nyepesi: watu wengi kwenye magari machache. Los Angeles walipojaribu jambo hilo, Machi 15, 1976, walifanya kosa la kuchukua njia iliyokuwa ikitumiwa na kila mtu katika barabara ya Santa Monica na kuyapa magari yenye watu watatu na zaidi. Madereva walichachamaa, kesi ikafunguliwa, na kufika Agosti mahakama ilikuwa imeusimamisha mpango wote. Tangu hapo California ikawa mara nyingi inajenga njia mpya pembeni ya zile za zamani badala ya kumpokonya mtu alichokizoea.

Kipimo cha pili, yaani moshi, kiliingia miaka ya 1990. Virginia ilitangulia. Mwaka 1998 sheria ya shirikisho ikafungua mlango kwa majimbo mengine, na kuanzia Julai 2000 California ikawa inatoa stika za kupita njia hizo hata dereva akiwa peke yake, kwa magari ya umeme na ya gesi. Yalikuwa machache mno, hakuna aliyenung'unika.

Mambo yalinoga zilipokuja Prius na wenzake, magari ya mseto yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja. Jimbo lilipitisha sheria yake mwaka 2004, Bunge la Marekani likaridhia mwaka 2005, na stika za njano zikaanza kutolewa. Kikomo kiliwekwa 75,000, kikasogezwa hadi 85,000, na mapema mwaka 2007 zote zilikuwa zimekwisha. Stika yenyewe serikali iliitoa kwa dola 8. Lakini kwa kuwa ilibaki na gari hata likiuzwa, Prius iliyotumika yenye stika ikawa ghali kuliko pacha wake asiye nayo, kwa mamia na wakati mwingine maelfu ya dola. Serikali ilikuwa imetengeneza bidhaa bila kukusudia, na wajanja wakaichuuza.

Julai 1, 2011 stika za njano zikafa. Wengi walitarajia njia ile ipumue. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipopima waliona kinyume: magari yaliyofukuzwa yalijazana kwenye njia za kawaida, foleni ya huko ikapunguza hata mwendo wa waliobaki kwenye njia maalumu, maana dereva haendi kasi pembeni ya magari yaliyosimama. Ni matokeo ambayo wapenzi wa upendeleo huyataja sana, na wana haki ya kuyataja. Stika ziliendelea kutolewa kwa magari ya umeme, na kuanzia mwaka 2012 kwa magari ya mseto yanayochajiwa, hadi Septemba 30, 2025. Siku hiyo zote zilikoma kwa sababu Bunge la Marekani halikuongeza muda.

Norway walipita njia hiyohiyo kwa haraka zaidi. Magari ya umeme yaliruhusiwa kwenye njia za mabasi, kwanza eneo la Oslo mwaka 2003, kisha nchi nzima mwaka 2005. Yakaongezeka mpaka mabasi yakakwama nyuma yake. Mwaka 2015, kwenye barabara ya E18 magharibi mwa Oslo, likatoka sharti jipya kwa saa za msongamano: gari la umeme liwe na abiria angalau mmoja. Walirudi kwenye vichwa.

Mkazi wa Mbulu au Hanang akisimuliwa sheria ya kuwabembeleza watu wapande gari moja, anaweza kucheka. Hapa siku ya mnada Noah haiondoki mpaka ijae, na ikishajaa bado kuna wawili wa kukaa karibu na dereva. Bodaboda hupakia mshikaki. Canter ya mazao hubeba mama, mtoto na kuku. Tatizo letu halijawahi kuwa viti vitupu.

Ila suala la nani apite na nani azuiwe Hanang inalijua vizuri kuliko California. Kuanzia miaka ya 1970 mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Canada, yalienea uwanda wa Basotu mpaka yakakaribia ekari 100,000. Njia ambazo wafugaji Wabarbaig walipitisha ng'ombe kwenda malishoni na majini zikalimwa, na aliyepita humo na mifugo alishitakiwa kwa kuingia shamba la mtu. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981, wakashinda Mahakama Kuu mwaka 1984, kisha Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo. Trekta lilipewa uwanda kwa jina la maendeleo, kama vile gari la umeme lilivyopewa njia kwa jina la hewa safi, na katika yote mawili aliyelipa hakuwa aliyeamua. Mizani hailingani, sawa. Kuchelewa kazini dakika ishirini si sawa na kupoteza malisho.

Mbulu nayo ilikuwa bado inadai barabara yenyewe. Mei 2022 Mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay, alipiga sarakasi ndani ya Bunge akidai lami ya kwenda Haydom. Huko mjadala wa njia ya tatu na ya nne utasubiri.

Mjadala huo kwa Afrika Mashariki uko Dar es Salaam na Nairobi. Kenya ilichora mistari myekundu kwenye barabara ya Thika mwaka 2018 kutenga njia ya mabasi, mabasi hayakuja, na mwaka 2022 serikali ikatangaza kwamba yatakapokuja yawe ya umeme, ya mseto au ya mafuta yatokanayo na mimea. Dar es Salaam ilitangulia kwa vitendo: mwendokasi ulianza Mei 2016 kwa kilomita 20.9 na mabasi ya dizeli, vichwa vikiwa ndicho kipimo pekee. Mwaka 2025, kwa ajili ya njia ya Mbagala, yakaletwa mabasi ya gesi asilia, ile ya bomba linalotoka kusini. Humo vipimo viwili vimekutana bila stika wala msamaha wa mtu yeyote, kwani basi limejaa na moshi wake ni mdogo. Bajaji na teksi zilizofungwa mitungi ya gesi, ambazo nazo hupanga foleni ndefu vituoni kuijaza, zinabaki pembeni na wenzao wa petroli. Mimi naona wabaki hukohuko. Na kama siku moja Dodoma itashawishika kuwafungulia, sheria hiyo iandikwe tangu mwanzo na idadi ya magari na tarehe ya mwisho.