Halmashauri Inaposhindwa: Namna Serikali Kuu Inavyoingilia Uongozi na Fedha za Serikali za Mitaa

Kata ya Kolandoto, inayojulikana zaidi kwa hospitali yake ya misheni na chuo cha afya, ipo ndani ya Manispaa ya Shinyanga, kando ya barabara kuu iendayo Mwanza, mahali inapochepuka barabara ya Lalago, Mwanhuzi hadi Oldeani. Safari fupi kutoka hapo humfikisha mkazi katika Wilaya ya Kishapu, yenye mashamba ya pamba na mgodi wa almasi wa Mwadui. Magharibi zaidi ziko halmashauri za Kahama, Msalala na Ushetu, na mbele yake mkoa wa dhahabu wa Geita, ulioanzishwa mwaka 2012. Kila moja ya halmashauri hizi ina baraza lake la madiwani, mkurugenzi wake na bajeti yake. Kila moja inaweza kustawi, na kila moja inaweza kuyumba.

Swali ambalo wananchi wengi huuliza halmashauri inapoyumba ni hili: nani ana mamlaka ya kuingia, na ataingia kwa kiwango gani? Katika Afrika Kusini, kifungu cha 139 cha Katiba kinaipa serikali ya jimbo uwezo wa kuingilia kati manispaa iliyoshindwa kutimiza wajibu wake, na hata kulivunja baraza lake. Tanzania haina serikali za majimbo. Mkoa ni ngazi ya utawala wa Serikali Kuu, na Mkuu wa Mkoa, pamoja na uzito wote wa ofisi yake, hana uwezo kisheria wa kulivunja baraza lililochaguliwa na wananchi.

Msingi wa sheria

Serikali za Mitaa zimetajwa katika Ibara za 145 na 146 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano, na shabaha iliyowekwa humo ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Utekelezaji wake umo katika sheria zilizotungwa mwaka 1982: Sura ya 287 kwa mamlaka za wilaya, Sura ya 288 kwa mamlaka za miji, na Sura ya 290 inayohusu fedha. Sheria hizo hazikutungwa katika hali ya kawaida. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1972, halmashauri zilikuwa zimefutwa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, na kazi zake zikachukuliwa na maofisa wa Serikali Kuu. Huduma za miji ziliporomoka kiasi kwamba mwaka 1978 ilibidi itungwe sheria ya mpito kurejesha mabaraza ya miji, na kufikia mwaka 1984 mfumo mzima ulikuwa umerudi. Kwa hiyo nchi imewahi kujaribu uingiliaji mkubwa kuliko wote, yaani kuziondoa halmashauri zote kwa mkupuo, na ikarudi nyuma yenyewe.

Sheria za 1982 zilirejesha mabaraza, lakini zikamwachia Waziri mwenye dhamana mamlaka ya kuchunguza halmashauri, kuielekeza na, ikishindwa kabisa kutekeleza wajibu wake, kulivunja baraza na kuweka chombo kingine kushika nafasi yake kwa muda. Dhamana hiyo iko chini ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI).

Hatua zinazotangulia

Kuvunja baraza ni hatua ya mwisho, nayo hutokea mara chache sana. Kabla yake zipo nyingine nyingi, na nyingi huanzia kwenye vitabu vya hesabu.

Mkaguzi wa ndani wa halmashauri ndiye wa kwanza kuona dalili: makusanyo yaliyopokelewa kwa mashine za POS lakini hayakupelekwa benki, wazabuni wanaodai kwa miaka, makato ya watumishi yaliyokatwa na kuchelewa kufika kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii, hati za malipo zisizo na viambatisho. Taarifa yake hupita kwa mkurugenzi, na hapo ndipo udhaifu wa muundo huu ulipo, kwa kuwa anayekaguliwa ndiye pia msimamizi wa kila siku wa anayekagua. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango hukutana kila mwezi na inapaswa kuyaona mambo haya mapema. Ikiwa wajumbe wake hawasomi taarifa za mapato na matumizi, au wanapewa makabrasha asubuhi ya kikao chenyewe, hawatayaona.

Nje ya halmashauri yupo Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, anayefanya kazi chini ya Ibara ya 143 ya Katiba na Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008. Kila mwaka huikabidhi ripoti yake kwa Rais ifikapo mwisho wa Machi, kisha huwasilishwa bungeni. Hati anayoitoa kwa kila halmashauri inaweza kuwa ya kuridhisha, yenye shaka au isiyoridhisha, na ipo hali ambayo mkaguzi hushindwa kabisa kutoa maoni kwa kukosa nyaraka. Inafaa kukumbuka kwamba hati ya kuridhisha inahusu usahihi wa hesabu zilizoandikwa. Si ushahidi kwamba zahanati imejengwa vizuri.

Panapokuwa na mashaka makubwa hufanyika ukaguzi maalumu. Halmashauri ya Wilaya ya Kishapu, jirani wa Kolandoto, ilipitia ukaguzi wa aina hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2010. Matokeo ya kaguzi hizi huweza kufikishwa kwa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, ambako wakurugenzi huitwa kujieleza, na pale penye dalili za jinai kazi huhamia TAKUKURU.

Sekretarieti ya Mkoa, chini ya Katibu Tawala, nayo ina nafasi yake iliyowekwa na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997: kushauri, kuwezesha na kufuatilia. Huweza kupeleka wataalamu kusaidia kufunga hesabu, na Mkuu wa Mkoa huhudhuria vikao vya baraza vinavyojadili hoja za ukaguzi. Mkurugenzi huteuliwa na Rais, hivyo uteuzi wake hutenguliwa na Rais. Hatua inayochukuliwa mara nyingi zaidi ni kumwondoa mkurugenzi au mweka hazina, nayo ndiyo inayolalamikiwa zaidi, kwa sababu mtumishi anayehamishiwa halmashauri nyingine huacha hoja za ukaguzi zisizo na mwenyewe.

Chanzo si wizi peke yake

Ukanda wa Shinyanga na Geita unaonyesha vizuri kwamba halmashauri huweza kudhoofika hata pasipo mtu kuiba. Kodi ya maendeleo, iliyokuwa chanzo cha halmashauri nyingi za vijijini, ilifutwa mwaka 2003. Ushuru wa mazao ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka kikomo cha asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu ya kweli. Halmashauri inayotegemea pamba ikabaki na kapu dogo zaidi, ambalo hupungua tena mvua zisiponyesha au bei ikianguka.

Kisha upo utegemezi wa mlipaji mmoja. Ushuru wa huduma hutozwa kwa asilimia ya mauzo ya kampuni. Kwa miaka mingi mgodi wa Geita ulilipa kiasi maalumu cha dola za Marekani 200,000 kwa mwaka kwa mujibu wa mkataba, na ulipoanza kulipa kwa asilimia, mapato ya halmashauri yalipanda kwa kiwango ambacho mipango yake haikuwa imekizoea. Kinyume chake kilionekana kwingine. Mgodi wa Mwadui ulisimamisha uzalishaji mwaka 2020 soko la almasi lilipodorora, ukarejea mwaka uliofuata, kisha ukasimama tena baada ya bwawa la tope kupasuka Novemba 2022. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulifikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021. Halmashauri iliyopanga bajeti kwa kutegemea mgodi hujikuta na mikataba iliyosainiwa na fedha zisizokuja. Tume ya uchunguzi ikiingia hapo itakuta madeni, na huenda isimkute mwizi.

Mishahara ya walimu na wauguzi hulipwa na Hazina, kwa hiyo kuyumba kwa halmashauri hakufungi shule siku ya pili yake. Kinachoumia kwanza ni vile vinavyotegemea mapato ya ndani: ukarabati wa soko, umaliziaji wa boma la zahanati lililojengwa kwa nguvu za wananchi, uzoaji taka, na ile asilimia 10 ya mikopo kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Dar es Salaam, 1996 hadi 2000

Mfano ulio wazi zaidi wa baraza kuvunjwa kwa kushindwa kazi ni ule wa Jiji la Dar es Salaam. Katikati ya mwaka 1996, Serikali chini ya Waziri Mkuu Frederick Sumaye ilivunja Halmashauri ya Jiji na kuweka Tume ya Jiji iliyoongozwa na Charles Keenja. Taka zilikuwa zimelundikana mitaani, barabara za ndani zimechakaa, na makusanyo hayakulingana hata kidogo na ukubwa wa mji.

Tume ilipanua utaratibu wa kuwapa wakandarasi binafsi kazi ya kuzoa taka, ikaimarisha makusanyo ya kodi ya majengo na ada nyingine, na ikapunguza watumishi. Mabadiliko yalionekana kwa macho. Keenja mwenyewe alichaguliwa kuwa Mbunge wa Ubungo mwaka 2000, jambo linaloeleza jinsi wakazi wengi walivyoipokea kazi hiyo. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mitatu jiji kubwa kuliko yote nchini liliendeshwa bila madiwani. Mapema mwaka 2000 Tume ilimaliza muda wake, na mahali pake pakaundwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke pamoja na Halmashauri ya Jiji yenye kazi za uratibu.

Tukio la Februari 2021, Rais John Magufuli alipovunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha Ilala kuwa jiji, mara nyingi huchanganywa na lile la 1996. Ni mambo mawili tofauti. La 2021 lilihusu muundo: jiji lile halikuwa na eneo lake mahsusi, na wajumbe wake walitoka katika manispaa zilizokuwapo, ambazo ziliendelea na mabaraza yake.

Kenya ilichagua njia nyingine. Ibara ya 192 ya Katiba ya 2010 inamruhusu Rais kuisimamisha serikali ya kaunti, lakini baada ya tume huru kuchunguza na Seneti kuridhia. Kaunti ya Makueni ilifikia ukingoni baada ya mgogoro wa bajeti kati ya gavana na bunge la kaunti. Tume iliyoongozwa na Mohamed Nyaoga ikapendekeza ivunjwe, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa pendekezo hilo. Gavana Kivutha Kibwana alichaguliwa tena mwaka 2017.

Baraza likivunjwa, nini hubaki katani

Mtendaji wa Kata hubaki, kwa kuwa ni mwajiriwa. Shule na zahanati huendelea. Diwani ndiye anayepoteza nafasi yake ya kuamua, na diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako maombi ya mitaa hukusanywa kabla ya kupanda halmashauri. Katika kata kama Kolandoto, mwananchi mwenye hoja kuhusu kisima au barabara ya mtaani hulazimika kuipeleka kwa watumishi wasioomba kura kwake, hadi siku baraza litakaporudi. Sheria inaichukulia tume kuwa chombo cha muda. Urefu wa muda huo humgusa zaidi mtu wa katani kuliko aliye makao makuu.