Ukili wa Barazani

Nilifunzwa kusuka ukili Mtongwe, Likoni, nikiwa na miaka tisa, barazani kwa nyanya yangu. Alasiri ikishaswaliwa, wanawake wa mtaa walikuja mmoja mmoja, kila mtu na chane zake ndani ya kitambaa kibichi. Jirani yetu Mdigo, ambaye sote tulimwita Hawe, ndiye aliyenikalisha ubavuni pake. Siku kumi za kwanza sikusuka. Nilichana miyaa kwa ukucha wa kidole gumba, mpaka chane zikatoshana upana.

Miyaa ni majani machanga ya mkoma. Yaliletwa kutoka Kilifi yakiwa mafungu, yakaanikwa juani hadi yakapauka, mengine yakachemshwa na rangi. Kabla ya kusuka huloweshwa kidogo, maana jani kavu hukatika.

Ukili ni utepe mrefu, na hupimwa kwa pima: mikono miwili iliyonyooshwa. Mkeka ni pima nyingi zilizoshonwa ubavu kwa ubavu. Arusi ilipokaribia, kila mwanamke alisuka ukili wake kwao, kisha zikaletwa pamoja kushonwa. Ndiyo maana kazi hii ilifunzwa barazani: mkono wako sharti uujue upana wa mikono ya wenzako. Ukili wangu wa kwanza ulibana katikati. Hawe aliufumua wote bila kunena, akanirudishia chane.

Kazi ya kusuka pwani hii ni kongwe. Kitabu kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinataja vyombo vilivyoshonwa na mitego ya samaki iliyosukwa katika kisiwa kimoja cha pwani yetu. Mtepe wa Lamu, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba bila misumari, ulisukumwa na upepo uliojaa tanga la mkeka. Nchi kavu nako, nafaka ilitiwa makandani, chakula kikafunikwa kawa, waumini wakaswali juu ya misala na majamvi, na wafiwa wakakaa mkekani na waliokuja kuwapa pole.

Kisha magunia yakachukua nafasi ya makanda. Mikeka ya plastiki ikaja, myepesi na rahisi kuosha, na baraza ya nyanya ikapungua watu. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, watu waliokuwa wakinipita nikisuka walianza kusimama na kuulizia vikapu. Nilifurahi, lakini moyo wangu ulisononeka, maana niliowahitaji kando yangu ili tushone mkeka mkubwa walikuwa wameshazikwa.

Sasa kila Jumamosi wasichana sita huja barazani. Nawapa miyaa wachane. Wakichoka, nawatandikia mkeka tulioshona nyanya alipokuwa hai, na kuwaambia wapitishe kiganja pole pole. Ukili wa Hawe hujulikana kwa kukaza kwake. Ule wa pembeni yake ni wangu, niliousuka nikiwa na miaka kumi na mbili. Nawaomba wapime upana wa kili hizo mbili kwa vidole vyao. Ziko sawa.