Kuitengeneza Nyumba Kabla ya Masika

Kaskazi ikianza kulegea na mawingu kukusanyika juu ya bahari, mtu wa pwani huitazama nyumba yake. Desturi hii si ya jana. Sisi tulio Bagamoyo twaiona habari yake katika kuta za wazee wetu, nasi twapenda kuieleza.

Tangu zamani nyumba zetu zilikuwa za namna mbili. Ya kwanza ni ya miti na fito, iliyokandikwa udongo na kuezekwa makuti. Ya pili ni ya mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari yake hulala juu ya boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti si ndefu, vyumba vyake vilikuwa vyembamba, kama futi 8 au 10.

Chokaa yenyewe ilitoka baharini. Wazee walipanga magogo kwa duara, wakaweka matumbawe juu yake, wakatia moto. Kisha mawe yaliyoungua yakamwagiwa maji. Chokaa hiyo ikipakwa ukutani huvuta hewa, ikarudi kuwa jiwe jembamba. Basi ule weupe haukuwa pambo tu; ulikuwa nguo ya mvua.

Twende Kaole, kusini kidogo ya mji. Msikiti wake wa kale wahesabiwa kuwa wa karne ya 13, na karibu yake yako makaburi yenye nguzo. Kule Kunduchi nguzo za makaburi zilipambwa kwa sahani za China. Hakika watu hao walipenda uzuri. Lakini walipoondoka, hapakuwa na mkono wa kupaka chokaa. Maji yakaingia, mizizi ikapasua kuta, na uzuri wote haukuweza kuziokoa.

Bagamoyo nayo ilipatwa na jambo kama hilo. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao yao makuu kwenda Dar es Salaam. Biashara ikafuata, na matajiri wengi wakahama. Hata leo twaweza kuona nyumba mbili za mawe yale yale: moja ina watu na ukuta mweupe, nyingine haina dari, na mtini umeota dirishani. Tofauti yao si fedha za aliyejenga, bali ni mkono wa aliyekaa.

Basi tufanye nini? Kwanza tuondoe makuti yaliyooza, tuweke mapya kabla ya mwezi wa Machi. Pili, tuzibe nyufa kwa udongo uliokanyagwa vema, tungoje ukauke. Tatu, tulowanishe chokaa usiku kucha, tuichuje kwa kitambaa, tutie chumvi kidogo ili isishike nguo, kisha tupake nyepesi mara mbili. Watoto wakae mbali, maana chokaa huunguza macho. Wenye nyumba za zamani wasizipake saruji juu ya chokaa, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani, na ukuta huharibika polepole. Wala tusikate mikoko ovyo wala kuvunja matumbawe yaliyo hai. Mikoko yalindwa kwa sheria, na samaki wetu huzaliwa humo.

Mwisho, ndani ya nyumba. Akina mama huchemsha ukindu kwa rangi, husuka ukili, kisha huushona uwe mkeka. Mkeka mpya mmoja, ukitandikwa katika chumba kilichofagiwa, hukigeuza chumba chote. Na ule wa zamani hautupwi, huanikiwa mpunga.

Kazi hizi zote hazihitaji mali nyingi. Zahitaji siku chache za jua, na watu wa nyumba moja kufanya kazi pamoja. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tulioyaona magofu ya Kaole twajua kwamba wako waliokosa hata nafasi ya kuujenga tena.