Mzee Small: Mcheshi wa Kilwa Aliyezitangulia Filamu

Juni 7 ni siku ya kumkumbuka Said Ngamba, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Mzee Small Wangamba. Alifariki tarehe hiyo mwaka 2014 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Huku Kiranjeranje, kando ya barabara kuu iendayo Lindi, kijana akimtaja atakuwa amemwona kwenye kipande kifupi cha simu. Aambiwe basi kwamba yule ni wa kwetu, mzaliwa wa Kilwa wa mwaka 1955.

Jina alilipatia Dar es Salaam. Vikundi vya sanaa vya taifa vilikuwa vimevunjwa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa mwaka 1981, na kumbi za starehe zikabaki mikononi mwa vikundi vya mashirika na vya watu binafsi: DDC Kibisa, Muungano ya Norbert Chenga, na kuanzia miaka ya 1990, Tanzania One Theatre (TOT) ya Kapteni John Komba. Muungano na TOT ndio waliogawa mji kwa mipasho ya taarabu, na hadithi hiyo imeshaandikwa sana.

Kinachosahaulika ni kichekesho, kazi yake Mzee Small. Onyesho la Jumapili la vikundi hivyo lilikwenda kwa saa nyingi. Ngoma zilifungua, sarakasi ikafuata, nyoka akatolewa sandukuni watoto wakapiga kelele, kisha wakaingia wachekeshaji, halafu igizo, halafu taarabu. Hapakuwa na mswada. Wasanii walikubaliana kisa nyuma ya pazia, labda mume mbahili na mgeni asiyetaka kuondoka, na maneno yakazaliwa hukohuko jukwaani. Ukimchosha mtu aliyelipa kiingilio, anakugeuzia mgongo na kuendelea na bia yake. Ukimkuna, anainuka na noti mkononi, anakuja kukutuza mbele ya umma.

Shule ya namna hiyo haina cheti, lakini inafundisha. Charlie Chaplin naye alitoka kwenye majukwaa ya London kabla ya kuanza filamu mwaka 1914, na dunia haijamsahau. Mzee Small na Bi Chau, aliyezoeleka kuonekana naye kama mke na mume, walikuja mbele ya kamera wakiwa wamekwishaiva. Ufupi wake, Mzee Small aliugeuza mtaji.

ITV ilianza mwaka 1994, televisheni ya taifa ikafuata, kisha zikaja kanda na diski za filamu zilizofika hadi mabanda ya video ya vijijini huku Kusini. Wengi wanadhani filamu za Kiswahili zilianza na vijana wa miaka ya 2000. Wazee hawa ndio waliowazoesha Watanzania kuketi na kumtazama Mtanzania mwenzao kwenye kioo.

Malipo yao ndiyo yanayouma. Msambazaji alinunua filamu kwa mkupuo na haki zake zote, msanii akabaki na nauli na umaarufu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, lakini ukishasaini kuiuza haki yako, sheria itakusaidia nini? Mambo yalilipuka mwaka 2018. King Majuto wa Tanga, Amri Athumani, alikuwa mgonjwa wakati sura yake ikiendelea kuuza filamu na matangazo. Waziri wa Habari wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, akasema hadharani kuwa mzee yule amenyonywa, akaunda kamati ya kuipitia mikataba yake na ya wasanii wengine. Majuto akafariki Agosti 8 mwaka huohuo. Kwa maoni yangu, kamati ile ilistahili kuundwa miaka 20 nyuma, wakati kina Mzee Small bado wana nguvu za kudai.

Kilwa tunaringia magofu ya Kisiwani na Songo Mnara, na tuna haki, yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Lakini Mzee Small naye ni urithi wetu. Halmashauri ya Wilaya impe japo ukumbi mmoja Kilwa Masoko ubebe jina lake. Na wewe msomaji, ukiwa na kanda ya zamani yenye vichekesho vyake, usiitupe. Ipeleke Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) au Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), waihamishie kwenye kompyuta kabla ukungu haujaila.